Fundi Anajibu: Dizeli inayowaka siku ikipenda

SWALI: Habari fundi. Naomba msaada maana nimeshachoka kabisa. Nina gari ya dizeli, komoni reli (ile ya bomba moja la presha linalogawa dizeli kwa silinda zote), gia za mkono. Kuna siku inawaka kwa funguo moja tu na kuna siku inazunguka weee haishiki, haina mpangilio wowote. Nikiiacha kama nusu saa inawaka kama hakuna kilichotokea. Asubuhi nyumbani haijawahi kunigomea ila juzi nimetoka kujaza mafuta ikagoma pale pale kwenye pampu, watu wananipigia honi nyuma. Ikishawaka inakimbia vizuri, nguvu ipo, moshi haitoi. Nimebadilisha betri, nikabadilisha hita zote nne, nikabadilisha na filta ya dizeli, bado. Nikiipeleka gereji inawaka kila wakiijaribu, wananiambia haina tatizo. Fundi mwingine anasema ni pampu ya dizeli ya kwenye injini, niibadilishe. Taa ya injini haiwaki. Nifanyeje?

JIBU: Pole sana ndugu yangu, na kwanza kabisa hiyo pampu usiiguse. Sisemi siyo pampu, nasema mpaka sasa hivi hakuna mtu aliyepima kitu. Umeshanunua betri, hita na filta kwa kubahatisha, ukiweka na pampu juu yake halafu gari ikagoma tena utalia.

Sasa soma tena ulichoandika mwenyewe. Asubuhi haijawahi kugoma. Imegoma umetoka kujaza mafuta, yaani ulikuwa unaendesha, injini imeshika moto, umezima dakika chache halafu unataka kuwasha. Ukisubiri inakubali. Unasema haina mpangilio lakini mpangilio upo kwenye barua yako, tatizo lako linakuja na joto. Na hapo hapo hita zinatoka kwenye orodha ya watuhumiwa, maana kazi yake ni kusaidia injini ya baridi, injini iliyotoka kutembea haizihitaji. Betri mbovu nayo mara nyingi ingeanza kukusumbua asubuhi.

Kitu ambacho wengi hawakifikirii ni kwamba ukizima injini haianzi kupoa hapo hapo. Maji yamesimama, feni imesimama, upepo wa barabarani haupo tena, na chuma chote kile kina moto ambao unapanda kwenda kwenye kila kitu kilichofungwa juu yake, kwa hiyo dakika kumi au ishirini baada ya kuzima senza na pampu na nozeli, zile zinazopuliza dizeli kwenye silinda, zinaweza kuwa na joto kuliko lile la barabarani. Ndiyo maana ukizima na kuwasha papo hapo inakubali, ukikaa kidogo inagoma, ukikaa sana inakubali tena.

Kwa dalili hizo mimi ningeanza na senza ya krenki, kile kifaa kinachosoma mzunguko wa mhimili mkuu wa injini. Hii ndiyo inaiambia kompyuta ya gari kwamba injini inazunguka na imefika wapi, bila hiyo taarifa kompyuta haifungui nozeli hata kama mafuta yamejaa. Senza nyingi za aina hii ndani zina koili ya waya mwembamba sana, ikipata joto inatanuka na kama waya una ufa unaachana, ikipoa unagusana tena na gari inawaka. Kuijaribu hakuhitaji hela. Piga starta huku unaangalia mshale wa RPM, ule wa mizunguko ya injini, kwenye dashibodi. Starta inaizungusha injini kama mizunguko 200 hivi kwa dakika kwa hiyo mshale hautapanda sana, unanyanyuka kidogo tu, labda upana wa kucha, unatetemeka pale. Ukiona umelala kabisa kwenye sifuri na huku starta inazungusha vizuri, mshike huyo huyo, yeye au waya wake au soketi yake. Ila fanya hivyo kwanza siku gari ina afya, kwa sababu kuna gari ambazo mshale wake haunyanyuki mpaka injini iwake na ukizihukumu kwa njia hii utakuwa unazionea.

Mshale ukinyanyuka na bado haiwaki, akili iende kwenye presha ya mafuta. Kwenye injini nyingi za komoni reli kompyuta inasubiri presha kwenye reli ifike kama bar 200 mpaka 300 ndiyo iruhusu nozeli kupiga. Dizeli ikiwa ya moto inakuwa nyepesi, inapenya kirahisi kwenye sehemu zilizolika ndani ya nozeli na pampu na kurudi zake kwenye ritani, ile njia ya kurudisha mafuta kwenye tenki. Ni sawa na ndoo yenye tundu, ukiifungulia bomba kubwa inajaa tu, ukiifungulia kidogo haijai hata ukeshe. Wakati wa starta pampu inazunguka taratibu, hilo ndilo bomba dogo, presha haifiki. Injini ikishawaka, hata ikiwa imesimama bila kukanyagwa mafuta, inazunguka 700 na zaidi, pampu inasukuma mafuta mengi kuliko yanayovuja na gari inakimbia kama haina kasoro. Ndiyo maana nakusihi usidanganyike na hilo la "ikishawaka inakimbia vizuri", nozeli zilizochoka zinaweza kukimbia vizuri kabisa.

Halafu kuna starta. Sikiliza sauti yake tu. Ikipata moto kuna starta zinakuwa nzito, inazunguka lakini kwa kujivuta. Dizeli haina plagi ya kupiga cheche, moto wake unatokana na hewa kugandamizwa kwa nguvu mpaka inakuwa ya moto sana, ile nafasi ya kwenye silinda inapunguzwa mara 16 mpaka 20 na zaidi. Ukizungusha polepole hewa inapata muda wa kuvuja pembeni ya ringi za pistoni na kupoteza joto kwenye kuta za silinda, na mafuta yakija hayashiki. Kwa hiyo "inazunguka" peke yake haitoshi kuniambia, niambie inazunguka kwa kasi ile ile ya asubuhi au imepungua.

Sasa utaikamataje wakati ukifika gereji inawaka? Hapo ndipo simu yako inapofanya kazi. Kuanzia leo ikigoma, kabla hujapaniki, weka funguo, washa kamera uielekeze kwenye dashibodi na piga starta kwa sekunde zisizozidi kumi. Kwenye hiyo video tutapata sauti ya starta, mshale wa RPM, na taa ya kile kialama cha funguo au gari lenye kufuli, ambayo ikiwa inapepesa maana yake gari haijaitambua funguo yako na hapo hakuna pampu wala nozeli yenye makosa. Pumzisha starta dakika nzima ndipo urudie. Kisha andika, injini ilikuwa ya moto au baridi, umezima muda gani, mafuta kwenye tenki kiasi gani, ulipaki kwenye mwinuko au tambarare, mvua ilinyesha au la. Ikigoma mara tatu au nne ukiwa umeandika hivyo, fundi yeyote makini atakuwa na pa kuanzia.

Na usichomoe betri kabla gari haijasomwa na mashine ya kusoma makosa ya kompyuta. Taa ya injini kutowaka haimaanishi hakuna kodi, yaani namba ya kosa iliyohifadhiwa kwenye kompyuta, kuna makosa kompyuta inayaweka kiporo bila kuwasha taa mpaka yajirudie, na kwenye gari nyingi ukichomoa betri yanafutika. Ukikuta P0335 hiyo ni njia ya senza ya krenki, ukikuta P0087 presha ya reli iko chini. Lakini kodi inakuonyesha mtaa, nyumba unaitafuta mwenyewe kwa kupima, P0335 inaweza kuwa waya uliochubuka kwenye bomba la moshi na senza ni nzima.

Gereji nayo uipeleke kwa akili. Usiwaachie gari usiku waijaribu asubuhi imepoa, hapo itawaka tu. Endesha mpaka ipate moto, fika nayo, zima, funga boneti, mkae kama robo saa mashine ikiwa imeshaunganishwa, halafu mpige starta mkiangalia RPM na presha ya reli kwenye skrini. Ikikataa kugoma, kuna fundi anatumia mashine ya kukaushia nywele kuipasha senza ya krenki mpaka igome. Na ikigoma yenyewe, kitambaa kilicholoweshwa maji ya baridi kikiwekwa juu ya senza dakika chache halafu ikawaka, ushahidi unao mkononi.

Kama ni presha inakosekana, kipimo cha kwanza ni ritani. Unavua vile vipira vidogo vya kurudisha mafuta juu ya nozeli, unaweka vipira vinavyopitisha mwanga, kila kimoja kwenye chupa yake, chupa za saizi moja, na ile njia ya ritani uliyoiacha wazi unaiziba. Unazungusha au unaiacha ingurume, unaangalia. Chupa tatu zina mafuta kidogo kidogo na ya nne imejaa nusu, umempata mtu wako bila kumgusa mwingine. Nozeli za piezo, zile zinazofunguliwa kwa fuwele ya umeme, usizifanyie hivyo kabla ya kusoma maelekezo ya gari husika, baadhi yake ritani inatakiwa ibaki na presha ndiyo zifanye kazi. Nozeli zote zikiwa sawa, angalia valvu ndogo iliyofungwa kwenye pampu inayopima mafuta yaingie kiasi gani, hiyo inakwama kwama na dalili zake zinafanana sana na za pampu mbovu. Ndipo ufike kwenye pampu yenyewe.

Na jambo moja naomba mlisikie wote, siyo wewe peke yako. Ile tabia ya kulegeza nati za mabomba ya nozeli ili kuona kama mafuta yanafika ni ya injini za zamani zenye pampu ya mitambo. Kwenye komoni reli presha injini ikiwa inafanya kazi inaweza kuvuka bar 1,600, mchirizi mwembamba wa dizeli unaingia ndani ya ngozi kama sindano na kidonda chake kwa nje unaweza kuona kitobo tu, huku ndani nyama inaharibika. Ikitokea mtu amepigwa hivyo anakwenda hospitali muda huo huo na anawaambia ni mafuta ya presha, hata kama hasikii maumivu.

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi yangu ni ya zamani, pampu ya mitambo, na kinyume na wengine inanisumbua asubuhi tu, tena siyo kila asubuhi. Inazungushwa sana, halafu inashika kwa kukohoa kohoa, kisha siku nzima haina neno. Nimeangalia chini hakuna tone la dizeli. Wananiambia hita.

JIBU: Marahaba. Inaweza kuwa hita, ila kabla hujazinunua mwombe mtu asimame nyuma aangalie bomba la moshi wakati unapiga starta. Ukitoka moshi mweupe wenye harufu kali ya dizeli, mafuta yanafika ila hayaungui, hapo hita na rilei yake, ile swichi inayozipelekea umeme, zipimwe. Hita nzima ukiitenganisha na waya wake ukapima kwa multimita (kile kipimo cha umeme) inaonyesha chini kidogo au juu kidogo ya omu 1, iliyokufa haionyeshi kitu. Usisahau kuangalia kama umeme unafika kwenye hita zenyewe maana rilei ikifa hita zote nzima zinakaa kimya.

Kama moshi hautoki kabisa na starta inazunguka, mafuta hayafiki, na kwa gari inayogoma asubuhi tu mimi nina wasiwasi na upepo kwenye njia ya mafuta. Hili la "hakuna tone" linawapoteza watu wengi sana. Kwenye gari ambayo pampu ndiyo inavuta mafuta kutoka kwenye tenki, ile njia nzima iko kwenye mvuto, kwa hiyo palipo na ufa hewa inaingia ndani badala ya dizeli kutoka nje. Ukizima usiku hewa inapenya taratibu na mafuta yanarudi zake kwenye tenki, asubuhi pampu inaanza kuvuta upepo. Unayoyasikia yakikohoa ni mafuta na hewa vikija kwa zamu.

Jaribu hivi. Jioni paki gari mbele ikiwa imeinama chini, kesho yake paki mbele ikiwa imeinuka, uone asubuhi ipi inagoma. Ikigoma ikiwa imeinuka na kukubali ikiwa imeinama, jibu umelipata karibu lote, kwa sababu tenki likiwa chini ya injini mafuta yanarudi kirahisi. Pia ikigoma, kabla ya kuendelea na starta, minya ile pampu ya mkono juu ya filta mpaka iwe ngumu. Ikiwaka mara moja baada ya hapo, achana na hita.

Kutafuta ufa wenyewe, toa kipande cha kipira kati ya filta na pampu uweke kipira kinachopitisha mwanga, washa gari, chukua tochi uangalie. Vipovu vichache vidogo mwanzoni si hoja, ila ukiona mapovu yanapita mfululizo rudi nyuma hatua kwa hatua kuelekea tenki. Mimi naanza na oringi ya filta, hasa kama filta ilibadilishwa karibuni na oringi ya zamani ikarudishwa, halafu mpira wa ile pampu ya mkono, klipu za vipira, vipira vya ritani vilivyokauka mpaka vina nyufa ndogo ndogo ukivikunja, mwisho bomba la chuma chini ya gari lililoliwa na kutu. Na ukiwa kwenye filta fungua koki ya chini umwage maji, maana maji yakijaa nayo yanaleta mgomo wa kuja na kuondoka.

Kitu kingine cha dakika moja kwa pampu kama yako ni ile solenoidi (valvu ya umeme) ya kuzimia injini iliyofungwa kwenye pampu. Weka funguo kwenye on bila kupiga starta, unatakiwa usikie "tak" pale kwenye pampu. Isiposikika, pima kama umeme wa betri unafika. Waya wake ukiwa umelegea gari itawaka siku waya ukigusa vizuri, na ukitafuta tatizo ndani ya pampu hutalipata.

SWALI: Fundi habari za kazi. Gari yangu ni ya dizeli otomatiki, nikiwasha inalia tak moja tu na haizunguki. Nikirudia rudia, labda mara ya sita, inazunguka kwa nguvu zote na kuwaka. Betri ni mpya. Mwenye duka la betri ameipima anasema nzima. Je nikiwa njiani naweza kusukumwa?

JIBU: Nzuri dada. Kusukumwa hapana, otomatiki haiwaki kwa kusukumwa na utaumiza giaboksi.

Shida yako ni rahisi kuliko ya wenzako wa juu kwa sababu mafuta hayahusiki kabisa, injini haijazungushwa. Usiku washa taa kubwa, piga starta, uangalie taa. Zikififia sana mpaka zinakaribia kuzima, umeme unakwama kwenye betri au kwenye vichwa vyake au waya mkubwa. Zikibaki zinang'aa vile vile huku inalia tak, starta ndiyo haipokei, na mara nyingi ni zile shaba za ndani ya solenoidi ya starta (swichi yake kubwa) zilizoungua upande mmoja, ikibahatika kugusa sehemu nzima inazunguka kwa nguvu kama unavyosema. Hizo shaba na kaboni zake hubadilishwa, si lazima ununue starta nzima.

Betri kuwa nzima hakuniridhishi bila kupima waya. Starta ya dizeli inakula umeme wa mamia ya ampea, kwa hiyo kiungo chenye kutu kinachoweza kuwasha taa na redio vizuri kinashindwa starta ikidai haki yake. Mwambie fundi aweke multimita mguu mmoja kwenye nguzo ya negativu ya betri yenyewe, siyo kwenye klipu, mguu mwingine kwenye chuma kisafi cha injini, halafu upige starta. Ikisoma zaidi ya volti 0.5 njia ya negativu ni mbovu, fungueni ule waya unaotoka kwenye betri kwenda kwenye bodi na injini, kwanguni mpaka chuma king'ae, fungeni tena. Upande wa chanya apime vivyo hivyo kutoka nguzo ya betri mpaka nati kubwa ya starta. Betri yenyewe ikiwa imepumzika inatakiwa isome kama volti 12.6, na wakati starta inazunguka isishuke chini ya 9.6.

Halafu siku ikikataa hata hiyo tak isisikike, peleka gia kwenye N ujaribu. Ikikubali kwenye N na kukataa kwenye P, ni swichi ya gia, na hiyo ni kazi ndogo.

SWALI: Fundi nimeambiwa nipulizie ile spray ya kuwashia kwenye njia ya hewa kila ikigoma, ni sawa?

JIBU: Hapana, tafadhali. Dizeli yenye hita ukiipulizia hiyo kitu inaweza kulipuka kwenye njia ya hewa kabla haijafika kwenye silinda, na ikifika inawaka mapema kabla pistoni haijafika juu, inavunja ringi, inapinda koni rodi (ule mkono unaoshika pistoni), inapasua hata pistoni. Na kuna injini zikishazoea zinakuwa haziwaki bila hiyo, watu wanasema imekuwa mlevi, ukweli ni kwamba kompresheni, yaani mgandamizo wa hewa kwenye silinda, ilikuwa imeshuka na spray ilikuwa inaficha. Kama umeshaitumia kwa muda, kabla ya kitu kingine chochote mwambie fundi apime kompresheni ya kila silinda, aandike namba zake, na aangalie kama kuna moja imeachwa mbali na wenzake.